Wewe ulikuwa wapi siku hio? Niliyojifunza kwenye maonyesho yetu ya mwaka wa mwisho

Mada ilikuwa kubwa kuliko ukumbi tuliopewa. Mwalimu wetu wa stidio aliandika ubaoni "yanayotokea duniani" akaweka chaki chini, basi, hio ndo ilikuwa mada ya maonyesho ya wanafunzi wa mwaka wa mwisho, chuo cha sanaa hapa Nairobi, mwaka 2025. Mimi nimetoka Mombasa kuja kusoma hapa na hio nafasi nilikuwa naisubiri tangu mwaka wa kwanza, manake kuchora chupa na matunda na mkono wa plasta nimechora sana, nilitaka sasa kusema kitu.

Wiki ya kuleta mapendekezo ukuta mzima ulijaa moto. Majengo yaliyobomoka, vifaru, watoto wanalia, ngumi juu, bendera. Zote zimetolewa kwenye simu, na ukiziangalia pamoja huwezi kujua ipi ni Khartoum, ipi ni Gaza, ipi ni Goma na ipi ni ya hapa hapa Kenyatta Avenue. Mwalimu akapita kazi moja moja, hakusifu hakuponda, kila aliyefika mbele yake alimuuliza swali lilelile: wewe ulikuwa wapi siku hio?

Watu walikasirika. Rafiki yangu mmoja wa Eastleigh akamuuliza waziwazi, kwani mwalimu mpaka niwe Gaza ndo niruhusiwe kuchora Gaza? Na ni swali la haki kabisa. Mwalimu akamwambia hapana, sijasema hivyo, alafu akatueleza habari ya mchoraji Picasso na mchoro wake Guernica, jina la mji wa kaskazini mwa Uhispania. Ule mji wa Wabaski ulipigwa mabomu Jumatatu tarehe 26 Aprili 1937 na Picasso hakuwepo, alikuwa Paris, habari alizipata kwenye magazeti jinsi sisi tunavyozipata kwenye simu. Tayari serikali ya Jamhuri ya Uhispania ilikuwa imemuomba mchoro mkubwa wa banda lao kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka uleule. Sasa angalieni alichofanya, akasema, ule mchoro una upana wa karibu mita 7.8 na kwenda juu mita tatu na nusu, hauna rangi, ni nyeusi na nyeupe na kijivu, na mwili wa yule farasi umejaa vijistari vidogo vidogo kama maandishi ya gazeti. Ndege ya vita haimo hata moja. Bomu linaloanguka halimo. Mwalimu alivyoisoma ni kwamba mchoraji hakujifanya alikuwa Guernica siku ile, alichora kutoka pale alipokuwa, mtu wa Uhispania yuko mbali na kwao na ameshika gazeti.

Mimi lile jibu lilinikaa. Tangu siku ile sijatazama tena kazi ya mtu inayohusu vita au maandamano bila kuuliza amesimama wapi huyu, na ikiwa haisemi naona kabisa inavyolegea.

Yule wa Eastleigh alirudi na kitu kingine kabisa. Ile kanvasi kubwa ya vifusi aliipaka nyeupe, akaanza kuchora vijipicha vya rangi ya mafuta vya ukubwa wa simu, saizi ya simu yake hasa, ule ufa wa kioo upo palepale kona ya juu kwenye kila kimoja. Ndani yake unaona Gaza lakini unaiona kama yeye alivyoiona, ndani ya matatu, kidole gumba cha mtu wa pembeni kinaonekana, na juu pale ujumbe wa kampuni ya simu kwamba bando lako linakaribia kuisha. Kuna kimoja ambacho video imeganda inazunguka tu na huoni kitu ila rangi ya vumbi. Nilikaa na hicho muda mrefu. Watu wengi waliopita walikisogelea mpaka pua inakaribia ukuta, alafu wanarudi nyuma taratibu bila kusema neno, kwa sababu ni kitu wanachokijua, wao pia wameangalia hivyohivyo, bando likaisha, wakashuka stejini wakaendelea na siku.

Kaka mmoja wa Goma, mashariki mwa Kongo, naye. Tarehe 27 Januari 2025 waasi wa M23 walipoingia mjini yeye alikuwa hapa Nairobi darasani, kwao umeme na maji vimekatika, mtandao unakuja unapotea, na ujumbe aliomtumia mamake ulibaki na tiki moja ya kijivu. Akachora hio tiki. Picha moja baada ya nyingine, kuta za nyumba, barabara ya mawe meusi ya volkano, ile chukudu ya mbao inayobeba mizigo, na kila mahali kuna ile tiki moja, mara juu ya mlango mara kwenye anga. Na akaandika maneno ndani ya picha yenyewe kama walivyokuwa wakifanya wachoraji wa Lubumbashi. Alitueleza habari ya Tshibumba Kanda Matulu ambaye miaka ya 1973 na 1974 alichora historia ya nchi yake kama picha mia moja, na alipokuwa anazieleza alikuwa anazieleza kwa Kiswahili cha Katanga. Yale mengi aliyoyachora, kama kifo cha Lumumba, hakuyaona kwa macho, aliyachora kama alivyosimuliwa na watu na kama mwenyewe alivyoyafikiri, na ndo maana mtu wa Lubumbashi alikuwa akiiangalia anajua ni habari yake. Basi huyu kaka wetu akawa anasema "batu banawaza Goma ni vita tu", ndo akachora soko na harusi pia, na tiki iko humohumo.

Hapo nilijifunza jambo jingine kuhusu maelezo ya ukutani. Tulikuwa tunasaidiana kuandika vile vikaratasi na kuna mtu akamuandikia huyu kaka wa Goma "simu zetu zina kobalti ya Goma". Akaikata palepale kwa kalamu. Madini ya kobalti yanatoka Kolwezi, Lualaba, kusini kabisa, ni mwendo wa mbali sana na kwao, huko karibu na Goma ni koltani, Rubaya, wilaya ya Masisi. Mtu anaweza kusema ni tofauti ndogo lakini mtu wa pale akisoma kosa kama hilo haangalii picha tena, ameshajua wewe hujui unachokisema. Tulikaa tukapitia vikaratasi vyote upya, kila tarehe, kila jina la mahali. Ilikuwa kazi ya usiku na nafikiri ni kazi iliyotusaidia kuliko taa mpya tulizoombea pesa.

Na tuliviandika kwa Kiswahili na Kiingereza. Hii nilipigania mimi, manake maonyesho ya miaka iliyopita yalikuwa ya Kiingereza pekee na wanaokuja ni walewale. Safari hii askari wa getini aliingia. Mama wa kantini aliingia na wenzake wawili, wakasoma kila kitu kwa sauti.

Kazi ya mitumba niliitilia shaka tangu mwanzo. Ni habari kubwa kweli, na tayari kuna Wakenya wameipeleka mbali, kikundi cha Nest Collective walijenga nyumba nzima ya marobota ya mitumba kule Kassel Ujerumani kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta mwaka 2022, kwa hivyo mwanafunzi ukiamua kutundika nguo kuukuu na kuandika "takataka za Ulaya" inabidi uwe na neno lako la kuongeza. Huyu mwenzetu akafanya jambo la maana, akamualika mama anayemuuzia nguo soko la Gikomba aje aone kabla ya ufunguzi. Yule mama alizunguka kimya, akashika koti moja lililokatwa mikono, akasema hii si fagia hii, hii ni kamera, mbona mmeikata? Kwa asiyejua, kamera ni zile nguo safi za kwanza zinazochaguliwa robota likifunguliwa, na fagia ni zile za mwisho zinazouzwa bei ya kutupa. Alafu akamueleza robota linavyofunguliwa, unalipa kabla hujaona ndani kuna nini, likiwa baya umeumia wewe na si aliyelifunga huko ng'ambo, na yeye kwa hio biashara amesomesha watoto. Mwenzetu akaibomoa kazi yote. Akaijenga tena kwa mafungu, kamera upande huu, fagia upande ule, na kati ya hayo robota moja lililofungwa bado na nyuzi zake, hakulifungua mpaka maonyesho yakaisha, watu wakawa wanalizunguka wanakisia. Sasa ikawa na mtu ndani yake. Na yule mama akalipwa kwa ushauri wake, kwa sababu alichotoa ni maarifa ya kazi.

Kulikuwa na makopo matupu ya dawa pia, ukuta mzima, ya mwenzetu ambaye mamake alikuwa anatembelea wagonjwa nyumbani kwa mradi wa msaada wa Marekani, mpaka ile amri ya Januari 2025 ya kusimamisha misaada kwa siku 90 ikafika kijijini kwao na daftari lake la wagonjwa likafungwa. Daftari lenyewe hakulileta, majina ya watu yamo. Alileta viatu vya mamake vya kutembelea, vimelika upande mmoja.

Sasa yangu. Dadangu mkubwa yuko Doha, anafanya kazi ya nyumba, na sisi huzungumza kwa voisi za WhatsApp kwa sababu simu anaweza kupiga usiku tu akishamaliza kazi. Tarehe 23 Juni 2025 jioni Irani ikarusha makombora kwenye kambi ya Wamarekani ya Al Udeid, nje ya Doha, kulipiza kisasi baada ya Marekani kupiga vituo vyake vya nyuklia. Qatar ilikuwa imeshafunga anga, makombora karibu yote yakatunguliwa huko juu na mji mzima ukaona mimuliko na kusikia mishindo. Mimi niko hosteli Nairobi naona video kabla yeye hajajibu. Nikamtumia voisi fupi, dada usitoke nje leo. Siku mbili baadaye ni tarehe 25, mwaka mmoja tangu vijana waingie Bunge kwa sababu ya ule Mswada wa Fedha wa 2024, barabara za kuelekea Bungeni zimezungushiwa senyenge, vijana wamejaa tena mjini, mchana matangazo ya moja kwa moja ya TV yakazuiwa kwa amri, na dadangu kule anashika simu haoni kinachoendelea. Akanitumia voisi. Mdogo wangu, usitoke nje leo. Ni maneno yaleyale, na siku hio watu walikufa Nairobi, sio Doha.

Mtu wa pwani akipata maneno yaleyale kwa watu wawili waliotengana hana haja ya kufikiri sana, hio ni doti ya leso. Vipande viwili vinavyofanana kila kitu, pindo moja la pembeni, mji mmoja, yaani ile sehemu ya katikati, jina moja, yaani yale maneno yake, na tangu zamani dada na dada, au shoga na shoga, hugawana kila mtu chake. Nikanunua kitambaa cha pamba, nikachonga skrini zangu za kuchapia, nikatumia rangi za kisutu, nyekundu nyeusi na nyeupe, leso ya bibi harusi. Pindo ni senyenge. Mji ni ile mimuliko ya angani, kwa mbali unaona maua. Na pale penye jina: USITOKE NJE LEO. Skrini nilichapia juu ya meza ya karakana, wino nikaukausha kwa pasi kipande kwa kipande, na kupanga ile nyeusi ikae sawasawa juu ya nyekundu ndo kazi inayotaka subira, ukiisogeza kidogo tu mpaka wote wa pindo unapotea.

Nilitaka pia zile voisi zenyewe zisikike kutoka kwa spika ndogo kati ya vile vipande viwili. Nikamuuliza dadangu, akakataa. Akaniambia mdogo wangu, sauti yangu inajulikana, na mwenye nyumba ana simu kama wewe. Nikatoa spika. Kuna mwenzangu alinishauri niibadilishe ile sauti kwa programu isitambulike, sikukubali, ameshasema hapana, na yeye ndiye aliye huko. Ukichora maisha ya mtu ambaye bado yuko ndani ya jambo lenyewe, yeye ana neno la mwisho, hata kama kazi inapungua. Yangu haikupungua. Pale pasipo sauti watu wakasoma lile jina kwa sauti zao wenyewe, na askari wa getini alilisoma akaniambia wangu yuko Riyadh, akasimama pale mpaka simu ya getini ikamwita.

Siwezi kuandika haya bila kusema kuhusu bendera. Msichana mmoja wa darasa letu alidarizi majina ya waliouawa Juni 2024 kwenye kitambaa cha rangi za bendera, uzi mweupe, kazi ya miezi. Uongozi ukasema hayo majina yasionyeshwe. Mwalimu aliongea nao, sisi tukaandika barua, haikusaidia. Mwishowe yule msichana akaitundika kwa upande wa nyuma, ule wa mafundo na nyuzi zinazoning'inia, herufi zimegeuka husomi kitu, na hakuweka kikaratasi cha maelezo. Watu walielewa. Lakini mimi bado nasema haikuwa haki, yale majina yalistahili kusomwa, wazazi wa hao vijana wako hai, na chuo cha sanaa kikiogopa majina ya watoto wa nchi yake sijui kinatufundisha nini kuhusu yanayotokea duniani.

Nimeiweka mwisho kazi ya mwenzetu wa Omdurman kwa sababu ndo iliyonishika zaidi na mambo yake hayajaisha. Vita vya Sudan vilianza Jumamosi tarehe 15 Aprili 2023, siku za mwisho za Ramadhani, yeye na familia wakatoka, mamake yuko Cairo, kakake Port Sudan, yeye akafika huku. Hakuchora vita. Alichora nyumba yao kwa makaa ya kuchorea kwenye karatasi ya kaki, ukubwa wa kweli, mlango ni ukubwa wa mlango. Alikuwa anapiga simu Cairo anauliza dirisha la chumba cha bibi lilikuwa wapi, mama anasema linaangalia barabara, anapiga Port Sudan kaka anasema hapana linaangalia uani, na yeye ana la kwake. Akachora yote matatu, moja juu ya jingine, hakufuta lolote.

Yeye ndiye aliyetusimulia habari za Ibrahim El-Salahi, mtu wa Omdurman pia, mwalimu wa wachoraji wengi wa Khartoum, aliyekamatwa mwaka 1975 akakaa gereza la Kober zaidi ya miezi sita bila kesi. Kuandika au kuchora kulikatazwa humo, kwa hivyo alikuwa anachora kwenye vipande vya mifuko ya saruji na kuvifukia mchangani. Baadaye akaendelea na huo mtindo wa kuanza na kipande kidogo alafu kuongeza kingine pembeni yake, na mchoro wake mkubwa wa miaka ya themanini wa nyeusi na nyeupe umeungwa kwa vipande tisa. Mwenzetu alifanya hivyo, karatasi kwa karatasi, na kila simu aliyopiga ilizaa karatasi nyingine, mpaka nyumba ikawa kubwa kuliko ukuta wetu.

Ikabidi achague. Vilitundikwa vyumba viwili na ule mlango. Ua, jiko, mti wa mwarobaini na chumba cha bibi chenye madirisha matatu vilibaki vimeviringishwa chini ya meza, na mwanafunzi yeyote aliyeniuliza ni kazi gani nzuri ya maonyesho nilimpeleka pale chini ya meza tukafungua kidogo kidogo.

Maonyesho yameshashushwa. Doti yangu imegawanywa, kipande kimoja kilienda Doha na mtu aliyekuwa anasafiri, dadangu amesema rangi nyekundu ingekoza zaidi na ameivaa. Tiki za Goma zimenunuliwa tatu. Bendera mwenyewe ameiweka kwao. Ile nyumba ya Omdurman iko hosteli ndani ya bomba za plastiki, tumeipuliza dawa ya kushikiza makaa, lakini makaa hayapendi unyevu na masika yanakuja. Haijawahi kusimama yote, hata mamake hajaiona, na anasema akipata ukuta atampigia mama video aitembeze chumba kwa chumba. Tunatafuta ukuta wa ndani, mkavu, usiopungua mita 12, godauni au ukumbi wa kanisa au wa msikiti au karakana, popote Nairobi, kutundika na kushusha tutafanya wenyewe na misumari tunayo.